Koko Alivyosugua Vipoza Joto Vyangu

Ilianza Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika maabara ya shule, mbele ya darasa zima. Najua saa kwa sababu nilikuwa nikiitazama ile ya ukutani, nikiomba kengele ya mapumziko ilie kabla zamu yetu haijafika. Haikulia.

Mimi ni mtu wa haya. Nikiitwa jina, masikio yanapata moto kwanza, halafu sauti inapotea. Ndiyo maana mwenzangu wa mradi, msichana anayetoka mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, ng'ambo ya jiji, na anayeweza kuongea hata na mlango, alipanga tangu mwanzo kwamba yeye atasema na mimi nitapima.

Mradi wetu ulikuwa wa kulinganisha njia za kutengeneza vipoza joto. Kipoza joto ni kile kipande cha chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya ubongo wa kompyuta, kinakunywa joto lake na kulitoa hewani. Ukifungua kompyuta ya zamani utakiona, kimejaa vumbi. Tulikuwa na vinne, vyote vya alumini, vyote vya kuenea kiganjani.

Cha kwanza kilikamuliwa. Alumini inapashwa hadi ilainike, kisha inasukumwa kwa nguvu kupita kwenye tundu lenye umbo la mapezi, inatoka ndefu kama tambi, inakatwa vipande. Ni kazi ya haraka, ndiyo sababu vya namna hiyo viko kila mahali, ila mapezi yake hayawezi kuwa membamba sana. Cha pili kilimiminwa: alumini iliyoyeyuka inaingia kwenye kalibu na kuganda. Hapo unapata umbo lolote unalolitaka, lakini ndani hubaki vitundu vya hewa, na joto haliipendi hewa iliyofungiwa. Cha tatu kilichongwa. Hicho ndicho nilichokipenda. Kisu kipana kinanyanyua ngozi nyembamba kutoka kwenye kipande kimoja kizima na kuisimamisha, kisha nyingine nyuma yake, na nyingine, kama mtu anavyoparuza jibini gumu. Mapezi na kitako ni chuma kilekile, hakuna kiungo. Cha nne kiligundishwa: mapezi ya bati yamepangwa moja moja kwenye mifereji ya kitako na kushikwa kwa gundi.

Jumanne tuliviweka kwa zamu juu ya kipashio kimoja, tukapima vyema. Kilichochongwa kilikuwa cha kwanza, kilichokamuliwa kikafuata, kilichogundishwa cha tatu, kilichomiminwa cha mwisho. Tulipima kwa kile kipimajoto cha umbo la bastola ambacho unakielekeza tu bila kugusa. Madame, mwalimu wetu wa sayansi, alikuwa ametuonya kwamba bastola ile haioni vizuri kitu kinachong'aa. Alumini safi ni kama kioo, inairudishia bastola joto la ukuta na la dari, joto lake yenyewe inalificha. Kwa hiyo kila kipoza nilikipaka rangi nyeusi isiyong'aa upande mmoja wa kitako, na hapo ndipo tulipopima. Bila weusi ule hakuna kipimo.

Nilivipeleka nyumbani ndani ya mfuko wa mkate ili nivibandikie vibandiko, kazi ambayo sikuifanya. Alhamisi, tulipoitwa mbele, nikafungua mfuko.

Vilikuwa vinang'aa. Vyote. Mtu alikuwa amevisugua hadi rangi yote imetoka.

Nilipaswa kusema palepale. Kuna sekunde ambayo ningeweza kumvuta mwenzangu mkono na kumwambia, subiri, kuna tatizo. Lakini yeye alikuwa ameshaanza, "Bon, bonjour kwa wote," na darasa lilikuwa limenyamaza, na masikio yangu yalikuwa yameshashika moto. Nikakiweka kile kilichochongwa juu ya kipashio. Tukangoja. Nikaelekeza bastola. Ikasoma nyuzi ishirini na saba.

"Mnaona?" mwenzangu akasema, amefurahi sana. "Hiki ndicho bingwa. Kipashio kimewaka muda wote huu na chenyewe ni kama chumba hiki!" Na kwa kuwa yeye ndiye yeye, akaweka kidole.

Sitasahau ile sauti aliyoitoa. Darasa lilicheka hadi watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Mvulana mmoja akapiga kelele: "Bingwa! Bingwa ameungua!" Madame alimpeleka haraka kwenye bomba, akafungua maji baridi, kisha akarudi mezani, akakigeuza kipoza kwa koleo na kunitazama mimi.

"Rangi iko wapi? Ulipaka mwenyewe, nilikuona."

Watu walikuwa bado wanacheka. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ni bibi yangu. Ameviosha. Yeye... ni mgonjwa. Kichwa chake. Anasahau sahau, anasugua vitu tu."

Kicheko kikakatika.

Sura ya madame ikabadilika yote. "Pole sana," akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia na mimi. Akatupa nafasi ya kurudia Jumatatu bila kupunguziwa alama. Mwenzangu, kidole kikiwa bado chini ya maji, akageuka na kuniambia, "Samahani, sikujua." Yeye, aliyeungua, ndiye aliyeniomba mimi samahani. Na nitasema ukweli hapa, maana nikiuficha hata hapa basi tena: nilijisikia vizuri. Mapumziko yale wasichana wawili ambao hawajawahi kunisalimia walikuja kukaa karibu nami, mmoja akanigawia biskuti. Nikaila.

Koko hana ugonjwa wowote. Koko ni mama wa mama yangu, alitoka Bukavu majira ya baridi yaliyopita, na kichwa chake ni kizima. Alichofanya kina sababu moja tu, na sababu hiyo ningeijua hata kama mtu angeniamsha usingizini. Kwao, chombo cha chuma chenye weusi hakitoki nje ya mlango. Sufuria ikishaivisha inachukuliwa uani, inasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka uone meno yako ndani yake, kisha inapinduliwa juu ya kichanja, watu wanaopita njiani waione. Msichana akipeleka sufuria nyeusi kwa watu, hawasemi yeye ni mchafu. Wanasema hana mama. Mimi nilikuwa napeleka vyuma vinne vyeusi kwa walimu.

Tena aliniambia. Jumatano, ambayo ni siku ya nusu shule, nilikuwa kitandani na visikizi masikioni. Aliingia akiwa bado ana nyuzi za chuma za kusugulia mkononi, ananuka siki, akasema kitu. Nikatoa kisikizi kimoja. "Nimekutengenezeaka vitu yako," akarudia. "Ile moja imenishinda kidogo, iko na mashimo-mashimo. Lakini zingine, utaona!" Sikuuliza vitu gani. Nilisema, "Aksanti, koko," nikarudisha kisikizi.

Kwa hiyo nilikuwa nimemshukuru, halafu kesho yake nikamfanya wazimu.

Nilidhani uongo ule utabaki maabara. Sikujua kwamba mama wa madame mwenyewe anao ugonjwa huo, na kwamba kwa wema wake tu atamwandikia mama kwenye ile programu ya simu ya shule. Mama anahudumia wagonjwa hospitalini kule Woluwe. Alirudi jioni, hakuvua koti, akanionyesha simu pale koridoni. Madame aliandika maneno mazuri. Aliandika kwamba ananiona nina ujasiri.

"Kumbe hata weye umeona," mama akasema polepole. "Nilikuwa nafikiri ni mimi peke yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mama alikuwa tayari amekusanya vitu vyake kichwani: chakula kilichotiwa chumvi mara mbili. Siku koko alipopanda tramu ya upande usiofaa tukamtafuta. Na ile asubuhi ya kwanza aliposimama mbele ya jiko letu la kioo na sufuria yake ya alumini aliyokuja nayo, anangoja ipate moto, na jiko linawaka taa ya kukataa kwa sababu halipokei chombo ambacho sumaku haikishiki. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Sasa mambo hayo yote yalikuwa yamepata jina, na jina nilikuwa nimelitoa mimi.

Ningesema palepale. Sikusema. Nilitikisa kichwa namna ambayo mtu anaweza kuichukua kuwa ndiyo.

Kazi ya koko nyumbani kwetu ni moja, na anaipenda kuliko kitu chochote Ulaya hii: kwenda kumchukua mdogo wangu shuleni. Ana ufunguo wa nyumba kwenye kamba shingoni, chini ya nguo. Wanarudi pamoja wakisimama kila mahali, kwa mwuza mkate, kwa mbwa wa jirani, mtaa mzima wa Evere wanamjua yule maman wa kitambaa cha manjano. Siku nzima anangoja saa ile.

Mama alikaa mbele yake mezani.

"Maman, kesho hutaenda kuchukua mutoto. Atabakia garderie, batamuchunga kule shuleni mpaka nitoke kazi."

"Garderie ya nini? Miguu yangu iko."

"Haiko miguu, maman. Pumuzika tu."

"Nani amechoka?"

"Bon. Na ile wiki yenye kuja tutaenda kuona munganga fulani kule kwa kazi yangu. Anaangaliaka bantu bakubwa. Atakuuliza tu maulizo kidogo-kidogo."

"Maulizo gani?"

Mama akatazama meza. "Leo ni siku gani. Uko wapi. Vile tu."

"Leo ni siku ya ine," koko akasema, jinsi kwao wanavyoiita Alhamisi. "Niko Evere, huku juu etaji ya tatu, kwa mutoto wangu niliyemuzaa mwenyewe, na ananiita mujinga."

"Sikusema mujinga!"

"Koko iko fou, iko wazimu?" mdogo wangu akauliza kutoka kwenye zulia, na mama akamfokea kwa nguvu hadi akaanza kulia.

Koko hakubisha tena. Aliingiza mkono ndani ya nguo, akaitoa ile kamba kupitia kichwani, ikanasa kidogo kwenye kitambaa, akainasua, akaweka ufunguo mezani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na friji. Alinitazama mara moja tu, kama mtu anayeuliza kama nimeona, kisha akaenda chumbani.

Sasa naandika sehemu ambayo ni mbaya kuliko uongo wenyewe. Jioni ile yote nilikuwa namchunguza. Nilitaka akosee. Alipotoka kunywa maji nilitazama kama atasahau kufunga bomba. Akafunga. Aliniuliza, "Umekula?" nikasema ndiyo, na baadaye kidogo akauliza tena, "Lakini umekula kweli?" na moyo wangu ukaruka kwa furaha, naapa, kwa furaha. Nikajisemea, ona, amerudia swali, basi sikudanganya sana. Nilikuwa natafuta ugonjwa kwa bibi yangu kama mtu anavyotafuta simu iliyopotea, nikitumaini niupate. Halafu nikaelewa kwamba aliuliza mara ya pili kwa sababu ya sura yangu.

Asubuhi nilipoamka mama alikuwa ameshavaa, anakunywa kahawa amesimama. Koko alikuwa mezani, anamfungia mdogo wangu viatu. Nilikuwa nimepanga kumwambia mama kwa Kifaransa, haraka, mlangoni, ili koko asisikie. Nilikuwa nimeshaanza, "Maman, en fait," nikasikia jinsi ninavyojificha. Nikaanza upya kwa Kiswahili.

"Nilidanganya. Koko hana kitu. Alisugua kwa sababu vilikuwa vyeusi. Aliniambia, na mimi nikamwambia aksanti."

Mama akaweka kikombe. "Unasema nini?"

"Walikuwa wanacheka. Darasani. Nikasema koko ni mgonjwa, wakaacha."

"Banacheka!" Sauti ya mama ilipanda. "Donc unauzisha koko yako juu bantu banacheka? Mimi nimemunyanganya mama yangu ufunguo juu ya kicheko ya batoto?" Alikuwa anataka kuendelea, lakini pumzi ikamwishia, akaketi, akajifunika macho kwa mkono. "Na mimi niliamini. Mara moja. Sikuuliza hata."

Mdogo wangu alituangalia kwa zamu. Koko alimaliza fundo la kiatu, akalivuta kulijaribu.

"Ile chumvi nilitiaka mara mbili kweli," akasema.

"Maman..."

"Ni kweli! Nilikuwa naongea na mutoto. Na tramu, nilipotea. Nilipotea juu sijue njia, haiko juu kichwa imetoka." Akanigeukia. Nilitarajia kofi, au yale macho ya kulia, yote mawili ningeyapokea. Lakini aliuliza tu: "Hiyo madame yako anaingiaka saa ngapi?"

"Nitamwambia mwenyewe, koko."

"Utamwambia. Na mimi niko pale, naangalia mudomo yako."

Mama alimsogezea ufunguo mezani bila kusema kitu. Koko aliuacha palepale hadi mama alipousukuma tena, safari hii akisema, "Tafazali, maman." Ndipo akauvaa.

Tulimwacha kwanza mdogo wangu shuleni kwake, kisha tukaendelea mimi na yeye. Alikuwa amevaa kitenge cha buluu, soksi za mama, na lile koti langu la zamani la mvua linalomfika kiunoni. Nilikuwa naona haya kutembea naye mbele ya lango, na nilikuwa naona haya kwa kuona haya, na vyote viwili vilienda pamoja hadi tukafika. Mwenzangu alikuwa langoni, kidole kimefungwa plasta.

"Ndiye?" akaninong'oneza.

"Ndiye."

Akampa koko mkono mzima na kumsalimia kwa Kifaransa cha sauti kubwa, polepole, neno moja moja, jinsi watu wanavyosema na mgonjwa.

Koko akanigeukia. "Huyu anapigaka kelele juu ya nini? Masikio yangu iko."

"Anakusalimia, koko."

"Muambie namusikia. Na muambie pole ya kidole."

Nikamwambia. Mwenzangu alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona anaanza kuelewa. Alitufuata tu hadi maabara.

Madame alikuwa anaandika ubaoni. Alipomwona koko aliacha chaki upesi, akamvutia kiti, akamshika kiwiko kumsaidia kukaa, na koko akamwachia kiwiko kwa heshima. Nikasema. Nilisema nikitazama kifungo cha koti la madame: kwamba bibi yangu hana ugonjwa, kwamba nilibuni, kwamba niliona rangi imetoka kabla hatujaanza nikanyamaza, kwa hiyo kosa la kidole kile ni langu mimi.

Madame aliketi kwenye ukingo wa meza. "Nilimwandikia mama yako," akasema. "Nilimwandikia mambo ya mama yangu." Ni hayo tu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Anasema nini?" koko akauliza.

Nikamtafsiria.

"Sasa na mimi niseme. Utageuza neno kwa neno, usiruke." Akanyoosha mgongo. "Muambie: hivi vyuma ni mimi nilisugua. Sikujua kama weusi ilikuwa na kazi. Nikiharibu masomo, naomba radhi."

Nikageuza.

"Muambie: kichwa yangu iko muzima."

Nikageuza.

"Muambie: huyu mujukuu wangu aliniuza juu ya haya. Na sijamaliza naye."

Hapo nilikwama. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia kwa kipindi cha kwanza, wanatupa mikoba, wanapunguza sauti wakimwona koko. Wale wasichana wawili wa biskuti wakamtabasamia kwa huruma.

"Amesema nini?" madame akauliza.

"Geuza," koko akasema.

Nikageuza, lote, kwa sauti iliyosikika hadi madirishani. Kisha, bila kutumwa na mtu, nikaligeukia darasa na kuanza tena tangu mwanzo.